Siku ya tisa alirudi kupiga dawa: kisa cha mkulima wa nyanya, Malindi

Mkulima huyu aliletwa kwetu mara mbili kwa sumu ile ile ya dawa za wadudu, na kati ya mara ya kwanza na ya pili hazikupita wiki tatu. Mara ya kwanza kosa lilikuwa la pampu inayovuja. Mara ya pili kosa lilikuwa letu sisi tuliomtibu, na ndilo linalonifanya niandike. Jina, kijiji, tarehe na kituo nimeviondoa, na mambo machache ya familia nimeyabadilisha asitambulike. Yanayohusu ugonjwa na matibabu nimeyaacha yalivyo. Nawaandikia wauguzi na maafisa wa kliniki wenzangu wa pwani, na mtu yeyote mwenye ndugu anayebeba pampu mgongoni.

Usuli

Ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu, ana mke na watoto. Analima nyanya, bilinganya na pilipili kwenye shamba la kukodi karibu na Mto Sabaki, kaskazini mwa mji wa Malindi. Maji anayavuta mtoni kwa jenereta. Hakuwa na ugonjwa wowote wa kudumu, havuti sigara, halewi.

Ilikuwa msimu wa kaskazi, jua kali, nyanya zimeanza kuwiva na Tuta amezivamia. Mdudu huyu, Tuta absoluta, alionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2014, na tangu hapo wakulima wa nyanya hawajapumua. Kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani na ndani ya tunda, kwa hiyo dawa ya juu juu haimfikii, na mkulima huongeza: kipimo kikubwa zaidi, siku za kupiga zikaribiane zaidi, dawa mbili tatu katika pampu moja. Mkulima wetu alifanya yote matatu. Mojawapo ya dawa zake alipimiwa dukani kwenye chupa ya soda, haina karatasi wala ule mstari wa rangi unaomweleza mtu ukali wa sumu. Nyingine ilikuwa na karatasi yake: klorpirifosi, ya kundi la oganofosfeti.

Mkewe ndiye aliyekuwa akimchanganyia kwenye ndoo, kwa kijiti. Mkumbuke mama huyu, tutamrudia.

Siku ya kwanza

Alianza saa tatu asubuhi, upepo umeshaamka. Alipiga pampu sita za lita ishirini. Mfuniko ulikuwa unavuja, shati likalowa kuanzia mabegani hadi kiunoni, na kwa joto lile baridi ya maji mgongoni ilimpendeza. Alimaliza adhuhuri, akaenda nyumbani, akala na shati lile lile mwilini.

Saa tisa alasiri jasho lilimtoka kama mtu aliyemwagiwa ndoo. Akatapika, akaharisha, udenda ukawa unamtoka bila yeye kuuzuia. Nyumbani wakampa maziwa, kwa kuwa ndivyo wengi tulivyofundishwa kuhusu sumu. Maziwa hayaondoi sumu hii, sanasana iliyoingia kwa ngozi, na mtu anayetapika huku nguvu zinamwisha anaweza kuyavuta yakaingia mapafuni.

Kwenye zahanati alifika saa kumi na moja. Akaulizwa, "Umekunywa dawa gani leo?" Akajibu, "Panadol mbili." Alijibu ukweli. Kipimo cha haraka cha malaria kikaonyesha mistari miwili, akachomwa sindano ya artesuneti na kulazwa kitandani asubiri. Homa hakuwa nayo.

Saa mbili usiku pumzi ilianza kukoroma kama maji kwenye bomba, ndipo wakampa rufaa. Saa nne usiku akawa mikononi mwetu.

Kilichotufungua macho

Muuguzi wa zamu alimfunua kope kwa kidole gumba, akamulika. Mboni zilikuwa ndogo kama kichwa cha sindano, na taa haikuzibadilisha. Kisha alipoanza kukata shati kwa mkasi akasimama, akainusa mikono yake: harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na kitu kama kitunguu saumu. Akamgeukia kaka wa mgonjwa. "Huyu amepiga dawa leo?"

"Ndiyo sista. Tangu asubuhi."

Saa saba zilikuwa zimepita tangu jasho lianze kumtoka, na hakuna aliyemuuliza hivyo. Neno lenyewe linatuponza. Dawa ya malaria ni dawa na dawa ya Tuta ni dawa. Ukimuuliza mtu amekunywa nini, hatakwambia alichopiga. Tofauti ya kitenzi kimoja ilimgharimu mtu huyu saa tano tangu afike zahanati, shati la sumu likiwa bado limemganda mgongoni.

Mapigo ya moyo yalikuwa 48 kwa dakika, kifua kimejaa maji, oksijeni imeshuka.

Maamuzi ya usiku ule, na sababu zake

La kwanza lilikuwa kumvua nguo zote na kumwosha kwa maji mengi na sabuni ya kipande, nywele na kucha pamoja, wakati huo huo muuguzi mwingine anamfyonza udenda na kumwekea oksijeni. Walioosha walivaa glavu na aproni. Kuosha hakungoji dripu, kwa kuwa kila dakika ngozi ilikuwa ikiendelea kunywa.

La pili lilikuwa atropini, dawa inayokausha udenda na maji ya kifua. Tulianza na miligramu 2 kwenye mshipa, tukasubiri dakika tano, kifua bado kinakoroma. Tukatoa 4. Dakika tano. Tukatoa 8. Hapo kifua kikakauka, mapigo yakapanda juu ya 80, makwapa yakawa makavu. Jumla miligramu 14. Tukaendelea na dripu ya miligramu 2 kwa saa, kwa kuwa kanuni ni kuendelea na asilimia 10 hadi 20 ya jumla hiyo kila saa. Daktari kijana tuliyekuwa naye aliogopa, maana hajawahi kuona mtu akipewa atropini kiasi hicho. Hofu hiyo ndiyo inayoua wagonjwa wa aina hii: mtu anapewa miligramu moja, mapigo yanapanda kidogo, tunaridhika, naye anazama kwa maji ya mapafu yake mwenyewe. Kinachotazamwa ni kifua kukauka. Idadi ya chupa ndogo zilizovunjwa haina maana.

La tatu ndilo ninalojiuliza hadi leo. Pralidoksimu, dawa inayojaribu kuing'oa sumu hii pale ilipojifunga mwilini, hatukuwa nayo. Kaka yake alikuwa tayari kwenda Mombasa usiku ule, kilomita kama 120, aitafute kwa pesa yake. Tulimwambia asubiri. Jaribio kubwa lililofanywa Sri Lanka na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2009 halikuonyesha kwamba dawa hiyo iliokoa maisha zaidi ya atropini na uangalizi mzuri, na familia hii ilikuwa na deni la mbegu. Hata hivyo sumu yake ilikuwa ya aina ambayo ingeruhusu dawa hiyo kujaribu kazi kwa siku moja na zaidi. Sioni kwamba tulikosea, wala siwezi kumlaumu mwenzangu ambaye angeamua kinyume.

Tulichukua pia damu ya kupima kolinesterasi, kimeng'enya ambacho sumu hii hukizima, ikapelekwa maabara ya Mombasa. Tulijua majibu yatachelewa na hatukuyangoja ili kutibu.

Kichwa na mto

Asubuhi ya pili aliamka, akaomba uji. Kila mtu akafurahi. Kwa sumu hii furaha ya siku ya pili ni ya kuangaliwa, kwa sababu kati ya saa 24 na 96 misuli inaweza kulegea upya: shingo kwanza, kisha mabega, kisha ile ya kupumua. Atropini haiwezi kuzuia hilo. Inaziba vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa neva, vya tezi, moyo na mapafu. Vya misuli ya viungo haivigusi.

Kwa hiyo kila saa muuguzi alimwambia mambo mawili. "Baba, inua kichwa kwenye mto." Na, "Vuta pumzi, kisha hesabu mpaka iishe." Asubuhi ya pili alihesabu hadi 22. Jioni, 14. Usiku wa manane alijaribu kuinua kichwa. Mishipa ya shingo ikatokeza, kidevu kikatetemeka, kichwa hakikuacha mto. Akahesabu hadi 9.

Tulimwita mtaalamu wa nusukaputi akae karibu na mashine ya kupumulia. Tulikubaliana mapema kwamba akihitaji mpira kooni, suksamethoni isitumike: dawa hiyo huvunjwa na kolinesterasi ya damu, ambayo kwake ilikuwa imezimwa, na kupooza kwa dakika chache kungeweza kuwa kwa saa kadhaa. Haikufika huko. Alikaa kwenye 9 na 10 kutwa nzima, kisha 13, kisha 20. Siku ya tano aliinua kichwa akakiweka juu hadi akaambiwa basi.

Siku ya saba tukamruhusu. Kwenye kadi tuliandika: apumzike, arudi akizidiwa.

Siku ya tisa nyumbani

Siku ya tatu baada ya kutoka, majibu ya Mombasa yalifika: kolinesterasi 700, wakati kiwango cha chini cha maabara ile ni 5,000. Karatasi ikatiwa kwenye faili na faili ikarudi rafuni. Hakuna aliyempigia simu.

Siku ya tisa alibeba pampu. Safari hii alijihadhari: alifunga mfuniko kwa mpira wa baiskeli, akavaa koti, akaanza alfajiri kabla ya upepo. Hakufika hata pampu ya pili. Pampu moja na nusu ilimwangusha mtu ambaye wiki mbili na siku kadhaa nyuma alipiga sita na kwenda kula chakula cha mchana kwanza.

Mkewe alimvua nguo palepale shambani na kumwosha kwa maji ya mto, na walikuwa kwetu ndani ya saa moja na nusu. Atropini iliyohitajika ilikuwa ndogo, shingo haikulegea, akakaa siku nne. Nilipomuuliza kwa nini alirudi haraka hivyo, hakukasirika. Alisema, "Daktari, nyanya hazingoji. Na nyinyi mlinambia nipumzike. Nimepumzika wiki."

Uchambuzi: kwa nini pampu moja na nusu ilitosha

Katika ubongo, na pale neva inapokutana na msuli, ujumbe hubebwa na kemikali iitwayo asetilikolini. Mwaka 1921 Otto Loewi aliionyesha kazi ya mjumbe huyu kwa mioyo miwili ya chura, na mwaka 1936 yeye na Henry Dale wakatunukiwa Nobeli. Mjumbe akishafikisha habari lazima aondolewe papo hapo, la sivyo habari hairudi nyuma wala haiishi. Anayemwondoa ni kimeng'enya asetilikolinesterasi, na ni miongoni mwa vimeng'enya vyepesi mno mwilini: molekuli moja huvunja maelfu ya wajumbe kwa sekunde.

Oganofosfeti huingia kwenye tundu la kazi la kimeng'enya hicho na kujifunga humo. Klorpirifosi yenyewe haina makali makubwa mpaka ini liigeuze, ndiyo maana mkulima wetu alikula kwanza na kuugua baadaye. Baada ya kujifunga, kifungo huanza kukomaa. Kwa sumu za jamii ya dimethili, nusu ya vifungo hukomaa ndani ya saa nne hivi. Kwa za diethili, kama klorpirifosi, ni kama saa 33. Kifungo kikikomaa hakuna dawa ya kukifungua. Mwili unabaki na njia moja tu: kutengeneza kimeng'enya kipya kutoka kwenye jeni.

Na hapo ndipo kalenda yetu ilipoachana na kalenda ya mwili. Chembe nyekundu za damu hazina kiini, haziwezi kutengeneza chochote kipya. Kimeng'enya chao hurudi kadiri chembe mpya zinavyozaliwa, takriban asilimia moja kwa siku. Aliyeshuka hadi asilimia 20 anahitaji kama siku 60 kufika 80. Ile ya majimaji ya damu, ambayo ndiyo tuliyopima, hutengenezwa na ini na hurudi mapema zaidi, ndani ya wiki nne hadi sita. Ubongo nao unahitaji wiki, na hauna kipimo cha kumpima mtu kitandani. Sisi tulimhesabia siku za dalili: jasho limekauka, shingo imeinuka, nenda nyumbani. Dalili hupungua mapema kwa kuwa seli, zikizidiwa na asetilikolini, hupunguza vipokezi vyake. Mtu hujisikia mzima huku akiba imeisha. Sumu kidogo tu ikija, hakuna wa kuipokea.

Kuna jambo jingine ambalo lilijitokeza alipolazwa mara ya pili. Mkewe alisema kwamba tangu arudi nyumbani hakuwa akilala. Aliamka usiku akipiga kelele, alisahau alikoweka funguo za jenereta, alimkaripia mtoto kwa jambo dogo. Sisi tulikuwa tumeuliza habari za kifua na tumbo tu. Mwaka 1998 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, likiongozwa na Hermona Soreq, lilionyesha kwa panya kwamba ubongo uliozimiwa kimeng'enya hiki haukai kimya: jeni lake, ambalo kwa binadamu lipo kwenye kromosomu ya 7, huongeza kazi. Lakini nakala zinazoongezeka si zile za kawaida. Kutoka jeni lile lile hutoka umbo jingine, AChE-R, ambalo halina mkia wa kujishikiza kwenye sinapsi, pale neva inapokabidhi ujumbe, linaelea. Wakati huo huo, jeni la kimeng'enya kinachotengeneza asetilikolini hupunguza kazi. Na msukosuko mkubwa wa hofu, bila sumu yoyote, ulileta mabadiliko kama hayo. Mabadiliko hayo yaliendelea hata baada ya kichocheo kupita.

Panya si mkulima wa Sabaki, na siwezi kuapa kwamba usingizi wake ulipotea kwa sababu ya AChE-R. Lakini nimeacha kuwaambia familia kwamba hizo ni hofu tu zitapita. Ubongo uliobadilisha namna unavyosoma jeni lake unahitaji muda, na mtu anastahili kuelezwa hivyo, asije akadhani anarukwa na akili au amerogwa. Dawa nazo huweza kusukuma jeni hilo: kwa wagonjwa wa Alzheimer waliotibiwa kwa donepezili, ambayo huzuia kimeng'enya hiki hiki kwa upole, wingi wake katika maji ya uti wa mgongo ulionekana kupanda. Ukizuia, mwili hujibu kwa kutengeneza.

Yaliyofaa na yaliyoharibika

Pua ya muuguzi ilifanya kazi kuliko mashine yoyote tuliyokuwa nayo. Kuhesabu kwa pumzi moja hakukugharimu senti na kulitupa onyo la saa nyingi. Kuongeza atropini maradufu bila woga kulimwokoa.

Kipimo cha malaria kilitupotosha, na kitaendelea kuwapotosha wengine pwani hii. Protini kinayoitafuta hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya malaria kupona, kwa hiyo mistari miwili kwa mtu asiye na homa, anayetoka jasho na udenda, haimalizi swali. Siwalaumu wenzetu wa zahanati. Walikuwa wawili na foleni ilifika nje.

Ninachokilaumu ni kadi yetu. "Apumzike" si maelekezo kwa mtu mwenye nyanya zinazowiva. Kule California, sheria inamtoa kazini mpulizaji ambaye kimeng'enya cha chembe zake nyekundu kimeshuka hadi asilimia 70 ya kiwango chake mwenyewe au chini zaidi, na hakubaliwi kurudi mpaka kifike 80. Mkulima wetu hakuwa na kiwango chake cha kulinganishia, hakuna aliyewahi kumpima akiwa mzima. Hilo hatukuweza kulitengeneza usiku mmoja. Tarehe tungeweza kuiandika. Karatasi ya 700 tungeweza kuipigia simu.

Matokeo

Kipimo cha wiki ya sita kilikuwa 3,900, cha wiki ya kumi 6,000. Usingizi ulirudi taratibu, kwa miezi kama minne. Ganzi ya miguu, ambayo baadhi ya oganofosfeti huiacha wiki chache baadaye, hakuipata.

Alipolazwa mara ya pili mkewe alikaa pembeni ya kitanda siku zote nne, akishika paji la uso. Siku ya kuondoka aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayefua nguo za dawa naye anaweza kuumwa kichwa. Nikakumbuka ndoo na kijiti. Tulimpima: 2,800. Kwa ziara mbili zote alikuwa mbele yetu na hakuna aliyemtolea hata tone la damu.

Kadi zao zote mbili ziliandikwa tarehe, siku tisini mbele, na chini yake kwa herufi kubwa: USIPIGE, USICHANGANYE, USIFUE. Kaka alisema angepiga yeye, kisha akatazama kadi na kusema basi. Kipande cha mwisho cha nyanya walimwachia Tuta, wakang'oa mashina na kuyachoma, na msimu uliofuata shamba lile walipanda mihogo.